Gari Lililopakwa Samli

Hakuna aliyepanda gari la chanjo bila kupiga miguu chini kwanza. Ulisimama kando ya mlango, ukapiga mguu wa kulia, ukapiga wa kushoto, udongo ukadondoka, halafu Dereva akainama kukagua nyayo zako kama mnunuzi anayekagua kwato mnadani. Akiridhika alisema, "Haya, karibu ndani." Asiporidhika alisema neno moja tu: "Tena." Nimemsikia akimwambia "tena" padri, mwenyekiti wa kijiji, bibi harusi mwenye shela, na siku moja mgonjwa aliyeletwa kwa machela. Tulimwambia mgonjwa huyo hajakanyaga ardhi tangu juzi. Dereva alifikiri kidogo, akasema basi waliombeba wapige miguu kwa niaba yake. Wakapiga, machela ikarukaruka, na mgonjwa akacheka mpaka tukadhani amepona.

Nilikuwa nesi wa chanjo wakati huo, miaka ya vijiji vya ujamaa, na ofisi yetu ilikuwa Bomani, mjini Tarime. Madereva wengine wa pale uwanjani waliitwa kwa majina yao. Huyu peke yake aliitwa Dereva, na hata mkewe alimwita hivyo. Mimi aliniita Nesi. Tulizunguka pamoja kwa miaka mingi, sanduku la barafu likiwa katikati yetu, na sijui hata leo kama alikuwa na jina la pili.

Gari lenyewe lilikuwa Landrova ya rangi ya maziwa. Ukikosea ukasema nyeupe, alikusahihisha. Ukisema rangi ya maziwa, alikusahihisha bado. "Maziwa ya asubuhi," alisema. "Ya jioni yana unjano kidogo." Nimezaliwa katika nyumba ya ng'ombe na sijawahi kuona tofauti hiyo, lakini nilijifunza kuitikia, maana ubishi wa rangi na Dereva ungeweza kuanzia Bomani ukamalizikia Kenyamonta.

Na Kenyamonta kwa mwendo wake ilikuwa mbali kweli. Aliongea haraka kama mtu anayekimbizwa, lakini gari aliliendesha kama amebeba mayai ya mtu mwingine. Siku moja tulipitwa na baiskeli. Juu ya baiskeli kulikuwa na mzee, nyuma ya mzee kulikuwa na mbuzi amefungwa, na yule mbuzi alitugeukia akatutazama mpaka walipopotea kwenye kona. Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Dereva hakucheka. Alisema, "Yule mzee akifika nyumbani baiskeli yake itakuwa na vumbi mpaka kwenye kengele," na kwa sauti aliyoitumia ungedhani anamtabiria mzee wa watu msiba.

Lililowachekesha watu zaidi ni kwamba aliogopa ng'ombe. Hebu fikiria, mwanamume wa Kikurya, mtu mzima, mwenye ndevu! Kundi likitokea barabarani alisimamisha gari, akapandisha vioo, akazima injini na kukaa kimya mikono ikiwa juu ya usukani. Yeye alidai anaogopa pembe zisikwaruze rangi. Lakini nilimwona siku moja yuko kwa miguu, mbali kabisa na gari, na ndama mmoja alipomsogelea tu, Dereva alipanda ukuta wa boma la mtu. Mchungaji mmoja alimgongea kioo njia ya Gorong'a, akacheka, akamwuliza, "Mura, wewe ni Mkurya wa wapi?"

"Mkurya wa magurudumu," Dereva akajibu, bila kufungua kioo.

Alikuwa hivyo, huwezi kumpanga akapangika. Alihubiri usafi kuliko padri anavyohubiri toba, na bado shati lake lilikuwa na madoa ya samli kuanzia kola mpaka kiunoni. Mlango wa nyumba yake haukuwa umepakwa rangi hata mara moja. Mkewe alipomwuliza kwa nini, alijibu kwamba mlango hauendi popote, nani atauona?

Hiyo samli ndiyo habari yenyewe, na sasa nieleze.

Barabara zetu zote zilikuwa za udongo mwekundu. Vumbi kwa Dereva lilikuwa mgeni wa kawaida: unalipiga maji, linaondoka, kesho linarudi. Lakini upande wa Sirari, karibu na mpaka, walikuwa wameanza kumwaga lami. Tulikwenda huko kuchanja, na jua la mchana lilipowaka lami ilikuwa laini, tairi zikairusha, na tuliporudi Bomani milango na madigadi vilikuwa vimejaa matone meusi. Mara ya kwanza Dereva alipoyaona aliuliza nani amelirushia gari lake kinyesi. Alipoambiwa ni lami, maendeleo hayo, alisema maendeleo yangeweza kupita mbali kidogo na mlango wake.

Wenzake walimpa ushauri wa kila namna. Mmoja alisema akwangue kwa kisu, na Dereva hakuzungumza naye mpaka mwezi ukaandama. Mwingine akaleta kitambaa chenye petroli. Dereva alikijaribu chini ya bampa, mahali pasipoonekana, na rangi ikafifia pale ikawa kama ulimi wa mgonjwa. Akakaa siku kadhaa bila raha. Kisha mkewe akamletea ugali na samli, tone likadondoka mkononi mwake penye lami, na alipofuta mkono lami ikaja na kitambaa kama mtoto anayefuata mama yake. Mkewe anasema Dereva aliacha ugali palepale akatoka mbio na kibuyu.

Tangu siku hiyo alikuwa na utaratibu wake. Kwanza maji matupu kuondoa vumbi, kwa sababu ukisugua vumbi unakwaruza. Halafu samli, kidogo, kwa ncha ya kidole, juu ya kila tone. Halafu anaketi. Hapo ndipo wengine wote walishindwa, kwenye kuketi. Aliketi juu ya kigoda kivulini pa lori na kulisubiri tone lilainike, huku akiliambia maneno. "Hukujua kama utakaa pazuri hivi, eeh? Sasa umekaa, umeona, rudi kwenu." Baada ya hapo alifuta kwa kipande cha khanga kuukuu, taratibu, upande mmoja tu, akageuza kitambaa, akafuta tena. Mwisho ni maji ya moto na sabuni, na hapo alikuwa mkali kuliko kote. Samli lazima itoke yote, alisema, la sivyo vumbi lote la wilaya litahamia kwenye gari.

"Lami haifukuzwi, Nesi," aliniambia. "Lami inaombwa iondoke."

Nilimcheka, kisha nikajikuta kliniki nawaambia akina mama wasibandue magamba ya vidonda vya watoto kwa kucha, wayalainishe kwanza kwa mafuta, wangoje. Kwa hiyo mimi pia alinifundisha kungoja, ingawa sikuwahi kumwambia kwa kuhofia angevimba kichwa tusipate nafasi ndani ya gari.

Mkewe alikuwa na maoni yake. Alikuja uwanjani asubuhi moja, akasimama mbele ya watumishi wote, akashika kiuno. "Watoto wangu wanakula ugali mkavu," akatangaza. "Gari la serikali linakula samli. Niambieni, mimi niliolewa na mtu au nimeolewa ukewenza na Landrova?"

"Mama, mke mkubwa ni wewe," Dereva akamjibu kwa unyenyekevu, na uwanja mzima ukaanguka kwa kicheko, hata Bwana Mganga, mkuu wetu, aliyekuwa akichungulia dirishani na kalamu mdomoni.

Basi ni Bwana Mganga huyo huyo aliyetuita ofisini siku moja, uso umemshuka, akafunga mlango. Alisema mgeni kutoka mkoani anakuja kutazama magari ya wilaya. Huko mkoani gari la ofisi yake limekufa, na ameruhusiwa kuchagua moja kutoka wilayani. Atachukua lililo zima na zuri kuliko yote. Atalikuta la kwetu kazini, kwenye chanjo ya Gorong'a, kesho.

Tukageukia dirishani. Uwanjani kulikuwa na lori lisilo na breki, trekta lisilo na kiti, na gari letu la rangi ya maziwa ya asubuhi, linang'aa kiasi kwamba kuku walikuwa wakipigana na vivuli vyao kwenye milango yake. Hakukuwa na haja ya kuuliza mgeni angechagua lipi.

"Dereva," Bwana Mganga akasema taratibu, "umetuponza kwa usafi."

Mimi nilikuwa nawaza watoto. Kabla ya gari lile tulipeleka chanjo kwa baiskeli, barafu ikayeyuka njiani, na dawa iliyopata joto haina faida yoyote. Nilishawahi kuwaeleza akina mama waliotembea tangu alfajiri kwamba warudi tu, dawa imeharibika, na sikutaka kuwaeleza tena maisha yangu yote. Nikamtazama Dereva. Alikuwa ameshika funguo kwa mikono miwili, kifuani, kama wanawake wanavyoshika rozari.

"Lichafue," nikamwambia.

"Nini?"

"Lichafue, Dereva. Liwe baya. Akilikuta baya ataliacha."

Alinitazama kama nimemwambia amtemee mama yake mate. "Mbele ya mgeni? Gari langu liende chafu mbele ya mgeni wa mkoa? Nesi, heri wanizike."

"Utazikwa," akasema Bwana Mganga, "na mgeni ataondoka na gari."

Ilichukua asubuhi nzima kumlainisha, na mchana tukaondoka kwenda Sirari. Mafundi wa lami walimfahamu vizuri. Siku zote akifika pale alishuka, akatembea mbele ya gari akitafuta pakavu, akawasihi wasimame kidogo, akarudi, akapita kwa mwendo wa kinyonga. Siku hiyo hakushuka. Alifungua kioo akamwuliza msimamizi ni wapi lami imemwagwa sasa hivi.

"Pale kwenye pipa," msimamizi akasema. "Zunguka huku, mzee, huku pamekauka."

"Sitaki palipokauka. Nataka pabichi."

Msimamizi akawageukia wenzake. "Aisee, njooni mumwone huyu mzee. Leo ameamka vipi?"

Dereva akafumba jicho moja, akakanyaga mafuta, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akaendesha gari mbio. Tulipita juu ya lami mbichi tukigeuka na kurudi, tukigeuka na kurudi, lami ikipiga chini ya gari kama mvua ya mawe, mafundi wakishangilia kwa koleo hewani, mimi nimekumbatia sanduku la barafu nikipiga kelele za furaha kama msichana wa shule. Nilipomtazama Dereva alikuwa analia. Analia kweli, machozi yanaingia kwenye ndevu, na mguu bado umekanyaga mafuta.

Tuliporudi Bomani gari lilikuwa na madoa kama chui. Lilikuwa baya, baya sana, nikalala kwa amani.

Asubuhi nikafika uwanjani na sanduku langu. Dereva alikuwa ameketi juu ya kigoda. Kibuyu kilikuwa tupu kando yake, na gari lote, kuanzia boneti mpaka mlango wa nyuma, lilikuwa limepakwa samli.

"Dereva!"

"Nilitaka kuondoa tone moja tu," akasema bila kunitazama. "Lile la karibu na kitasa. Lilikuwa linanitazama."

"Na haya mengine?"

"Yakaona wivu."

Nilitaka kumpiga na sanduku. Madoa yalikuwa yamelainika yote, tayari kufutwa, na yeye ameshika kitambaa cha khanga mkononi. Nilimwuliza kuhusu watoto wa Gorong'a. Aliinamisha kichwa. Alisema anajua, anajua sana, lakini mkono haukumsikiliza. Nikamnyang'anya kitambaa. Halafu nikauliza sabuni iko wapi, angalau tuitoe hiyo samli, na hapo akainua macho. Sabuni hakuna. Sabuni ilikuwa imeadimika mjini kote, watu walioga kwa majani, na yeye aliyeijua kanuni yake kuliko wote alikuwa amepaka samli gari zima bila kuwa na kipande cha sabuni.

Tukaondoka hivyo hivyo kwenda Gorong'a, kiangazi, njia ya vumbi jekundu.

Kila alichowahi kuniambia kuhusu samli na vumbi kilitimia siku hiyo. Hatujafika mbali, gari likawa limeota ngozi. Vumbi likaganda juu ya samli, samli ikayeyuka kwa jua na kushika vumbi jingine, majani makavu yakanasa, manyoya ya kuku yakanasa. Halafu mbwa wakatusikia harufu. Alianza mmoja, wakawa wengi, na kwa kuwa Dereva alikuwa amerudia mwendo wake wa kawaida, walitembea tu kando yetu bila hata kukimbia, wakilamba madigadi. Tuliingia Gorong'a tukisindikizwa na mbwa wa vijiji vyote vya njiani.

Mgeni alikuwa ameshafika. Alisimama kwenye uwanja wa shule pamoja na viongozi wa kijiji, amevaa suti ya mikono mifupi ya rangi ya majivu, imepigwa pasi vizuri. Akina mama walikuwa kwenye mstari na watoto migongoni. Gari lilipotokea, bibi mmoja mzee aliyekuja na mjukuu wake aliweka mkono juu ya macho, akatazama, akatazama tena.

"Limetoka jandoni!" akapaza sauti.

Kwetu kijana akitoka jandoni hupakwa samli mpaka ang'ae, na anaporudi nyumbani watu humpokea kwa nyimbo. Bibi yule aliona kitu kimepakwa samli, kinatembea polepole, kinafuatwa na msafara. Kwa nini asiimbe? Akaanza wimbo wa kupokea vijana, na mstari wa akina mama ukavunjika wote, vigelegele vikapanda, watoto wakirukaruka migongoni. Mgeni akadhani anapokewa yeye. Akasogea mbele akitabasamu, akapunga mkono kulia, akapunga kushoto, na akina mama wakampita pande zote mbili kama maji yanavyopita jiwe, wakaenda kulizunguka gari. Bibi akalivika bampa ushanga wake wa shingoni.

"Limekuwa dume sasa!" akamwambia Dereva. "Lilipiga kelele?"

"Hata kidogo, bibi," Dereva akasema. "Lilivumilia."

Mimi nilikuwa nimeketi chini, siwezi kusimama kwa kicheko. Lakini mgeni hakuwa anacheka tena. Alikuja, akalizunguka gari akiwafukuza mbwa kwa faili lake, akaegemea madigadi kufikiri, akajitoa haraka, na nyuma ya suruali ya suti palibaki umbo kamili la madigadi, jekundu na lenye mafuta. Mbwa wakaligundua kabla yake.

"Ndugu Dereva," akasema. "Mkoani nimeambiwa gari hili ndilo zuri kuliko yote katika wilaya."

Dereva akatazama ushanga kwenye bampa.

"Chini ya huu uchafu kuna rangi gani? Hebu futa hapa, nione."

Akaonyesha mlango. Hata mimi nikasimama. Kitambaa nilikuwa nacho mfukoni tangu asubuhi, na Dereva alinyoosha mkono nikampa, nisingeweza kukataa mbele ya watu. Nilijua, na yeye alijua, kwamba samli ilikuwa imekaa juu ya lami ile saa za kutosha. Kufuta mara moja tu, taratibu, upande mmoja kama alivyozoea, na mlango ungetoka chini ya kitambaa umeng'aa, maziwa ya asubuhi, mbele ya mgeni, mbele ya Gorong'a yote. Hakuna kitu duniani alichokipenda kama tendo hilo. Na tungerudi Bomani kwa miguu.

Dereva akalikaribia gari. Akainama, akachota mchanga kiganjani, akauweka kwenye kitambaa, akasugua. Alisugua kwa nguvu, huku na huku, kwa kuzungusha, kila namna aliyotukataza miaka yote. Lami ikasambaa na vumbi na samli, ikawa tope jeusi kutoka kitasa mpaka dirishani.

"Ndivyo lilivyo, ndugu," akasema. Sauti ilimtoka nyembamba, sikuitambua. "Limechoka. Rangi iliisha zamani. Halifai."

Mgeni akaandika kitu, akasema atajaribu wilaya nyingine, na akaondoka na gari lililomleta, huku wale mbwa wakilikimbiza kwa sababu ya suruali yake.

Tulichanja watoto wote siku ile. Barafu ilikuwa bado ngumu. Njiani kurudi nilijaribu kumchekesha, nikamkumbusha bibi na ushanga, nikamkumbusha suruali. Alicheka kidogo kwa adabu. Halafu akasema, "Nesi, umenisikia nilivyolisema gari?"

"Nimesikia. Umetuokoa."

"Lilikuwa linasikia pia," akasema, na hakuongea tena mpaka Bomani, jambo ambalo halikuwahi kutokea kabla wala baadaye.

Sabuni ilipopatikana alilisafisha kwa siku nyingi. Mkewe mwenyewe alileta kibuyu cha samli bila kuombwa na kukaa naye kivulini, wakingoja pamoja. Gari likarudia rangi yake, isipokuwa mahali pamoja. Chini ya kitasa cha mlango wake aliacha tone moja la lami, kubwa kama kifungo cha koti. Hilo halikuguswa. Nilipomwuliza alisema lile lilikuwa la kwanza kumtazama asubuhi ile, na ndilo lililotuokoa, acha likae. Miaka iliyobaki tulizunguka na doa lile. Wageni walidhani halijaonekana na kumwonyesha kwa kidole, naye alijibu, "Huyo ni abiria."

Kisha miaka ikaenda. Nilihamishwa, nikastaafu, na yeye nikasikia amerudi kwao Kenyamonta. Mwaka juzi nilikuwa Bomani kumtembelea binti yangu, nikapita kando ya uwanja wa zamani. Gari lilikuwa pale nyuma ya stoo, juu ya mawe, halina magurudumu wala viti, na kuku anaatamia mahali palipokuwa na injini. Jua na mvua vilikuwa vimelimaliza. Rangi ilikuwa imekufa ikawa kama unga, na penginepo palikuwa kutu tupu. Kando ya mlango wa dereva alikuwa amechuchumaa mzee mwenye ndevu nyeupe. Pembeni yake kulikuwa na kibuyu.

"Shikamoo Dereva," nikasema.

"Marahaba." Hakugeuka. "Nesi, simama hapo hapo usinitimulie vumbi. Nimeshapaka."

Alikuwa ametoka Kenyamonta asubuhi kwa basi, kibuyu mapajani. Alikuwa amesikia kwamba wanunuzi wa vyuma chakavu wanakuja kesho kulikata. Nilimwuliza sasa anasafisha nini katika gari lile, hakuna hata mahali pa kuweka mkono bila kutu.

"Abiria anashuka," akasema.

Nikaketi chini karibu naye, tukangoja. Nilimwuliza habari za mkewe, akasema yupo, mzima, na ndiye aliyemjazia kibuyu. Aliniuliza kama bado nawakataza watu kubandua magamba kwa kucha, na nikashangaa kwamba alijua. Kuku alitutazama kupitia tundu la taa. Hatimaye Dereva akatoa kipande cha khanga mfukoni, akafuta taratibu, upande mmoja, akageuza kitambaa, akafuta tena.

Tone likaondoka. Chini yake, kwenye mlango ule mzima uliooza, palibaki duara dogo lililokuwa limefunikwa miaka yote, halijaonwa na jua wala mvua. Lilikuwa linang'aa kama siku gari lilipoletwa.

"Ya asubuhi!" Dereva akapiga kelele, akaruka kwa miguu yake ya uzee, kuku akatoka mbio. "Nesi, tazama! Maziwa ya asubuhi! Nilikwambia, au sikukwambia?"

"Uliniambia," nikasema, nikicheka na kulia kwa wakati mmoja, na kweli, naapa, halikuwa na unjano hata kidogo.

Akainama akaweka mdomo karibu na duara lile. Alidhani ananong'ona lakini masikio yake yalikuwa yamezeeka na sauti ikamtoka yote. "Nilidanganya pale Gorong'a," akaliambia. "Hukuwa umechoka. Ulikuwa mzuri kuliko yote wilaya nzima."

Alipoinuka uso ulikuwa umefunguka. Akavuta mlango, ukalalamika, ukafunguka. Akaingia akachuchumaa mahali palipokuwa na kiti chake, akashika hewa mahali palipokuwa na usukani.

"Haya panda, twende tukachanje," akasema.

Nikazunguka upande wangu, nikainua mguu.

"Nesi!"

Nikaushusha. Nikapiga mguu wa kulia, nikapiga wa kushoto, bibi mzima wa wajukuu, katikati ya Bomani, watu wakipita barabarani wakinitazama. Dereva akainama kupitia mlango, akakagua nyayo zangu kwa muda mrefu.

"Tena," akasema.

Nikapiga tena.